Vituo vitano kwa siku moja: chama cha Tononoka na safari ya Kwale

Mzozo ulioletwa kwangu ulikuwa wa pesa. Chama kimoja cha akina mama wa Tononoka kilikodi matatu ya abiria 14 kwenda kutembea Kwale Jumamosi moja ya mwezi wa tisa. Wakarudi saa nne usiku, wamechoka, wana njaa, na nusu ya waliyoyapanga hawakuyaona. Jumapili asubuhi mweka hazina akazuia salio la dereva. Hoja yake: dereva alichelewa, na kwa kuchelewa kwake arbuni ya shilingi 5,000 waliyomtumia nahodha wa Shimoni imekwenda na maji, basi naye akatwe. Dereva akajibu kwamba hakuna dakika aliyoipoteza yeye. Mwenyekiti, anayejua kuwa huwa napangia watu matembezi ya namna hii, akanitumia ujumbe wote wa kundi lao la WhatsApp, picha, stakabadhi na namba ya dereva. "Tuamulie wewe," akasema, "maana humu ndani hatusikilizani tena."

Ratiba yenyewe ilibandikwa kwenye kundi tangu Jumatano. Feri saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Shimba Hills saa mbili, Kaya Kinondo saa tano, Gazi kuona mikoko na kula saa saba, Shimoni na kuvuka kisiwani Wasini saa tisa, nyumbani saa moja usiku. Ukitazama ramani huoni kosa. Likoni hadi Shimoni ni kilomita 80 hivi, na vituo vyote vimepangana upande wa barabara ya Lunga Lunga isipokuwa Shimba Hills, ambayo inakutaka ukate kulia pale Kombani upande Kwale mjini. Wala hakuna kituo cha kudharau. Anayedhani Kwale ni Diani na hoteli zake hajapanda ile barabara ya Kombani asubuhi, minazi ikabaki chini, hewa ikapoa, na akigeuka nyuma anaiona bahari yote kuanzia Waa mpaka Tiwi.

Kilichonishtua ni kwamba vituo vyote vitano vilipewa uzito mmoja, kana kwamba kila kimoja kitakungoja mpaka ufike. Hilo sikulisema mwanzo. Kwanza nilitaka kujua saa zilikwendaje, na picha za simu zilinisaidia kuliko maneno ya mtu yeyote, kwa kuwa kila picha ina saa yake.

Gari liliondoka Tononoka saa moja na robo. Waliokuwa wakingojwa ni wanachama wawili na sambusa zilizokuwa bado jikoni. Dereva yumo kwenye picha ya kwanza, saa kumi na mbili na dakika ishirini, ameegemea usukani na kikombe cha chai. Hapo hana kosa la kujibu.

Feri ikawala zaidi ya saa nzima. Mweka hazina alikazia hapa: mbona hakupita Dongo Kundu? Swali ni la haki. Tangu barabara ile ilipofunguliwa yote mwaka 2024, mtu anatoka Miritini na kuibukia Kibundani bila kuiona feri, akivuka daraja la Mwache na lile la Mteza lenye urefu wa karibu kilomita moja na nusu. Kwa mtu wa Mikindani au Mazeras njia ni hiyo, haina mjadala. Kwa aliye kisiwani hesabu si nyepesi: atoke kwa Makupa, apambane na malori ya Changamwe, ndipo azunguke. Feri zikiwa nyingi kazini, Likoni inashinda. Zikipungua, kuzunguka kunalipa. Mtu hupiga simu kwa mwenzake aliyeko kivukoni akauliza. Dereva hakuuliza, na hilo nikamwandikia yeye: dakika arobaini.

Lakini chama nacho kiliandika "feri" kwenye ratiba kwa mazoea tu. Kutoka juu ya daraja la Mteza, hata ukipita bila kusimama, unauona mkono wa bahari umeingia bara na mikoko imeufuata pande zote mbili. Watu waliotoka kwenda kutazama mandhari waliiruka mandhari ya kwanza kwa sababu barabara haikuhesabiwa kuwa sehemu ya matembezi.

Langoni Shimba Hills walifika saa tatu na nusu. KWS, shirika la serikali la wanyamapori, haichukui pesa taslimu. Unalipa kwa mtandao, na raia hulipa kiwango cha raia akionyesha kitambulisho. Watu 13, kila mmoja ameshika simu yake anajilipia mwenyewe, mtandao unakuja na kuondoka, na wawili vitambulisho vimebaki nyumbani. Dakika hamsini zikaishia pale. Kazi hiyo ingefanywa na mtu mmoja Ijumaa usiku akiwa kitandani.

Walioingia saa nne na dakika ishirini hawakuiona Shimba Hills ninayoijua mimi. Hifadhi ile, iliyotangazwa mwaka 1968, ndiyo pekee Kenya nzima yenye palahala, yule swala mkubwa, porini. Dume lake ni jeusi, tumbo jeupe, pembe ndefu zimepinda kwenda nyuma mpaka unajiuliza anapitaje msituni. Asubuhi mapema, ukungu ukiwa bado umelala juu ya vilima, palahala hutoka kwenye nyasi za uwazini. Jua likikaza anatafuta kivuli. Chama kikaona tembo kwa mbali na nyani kwa karibu, na hao nyani, kama alivyoandika mmoja wao kwenye kundi, hata Diani wako na hawalipishwi.

Kisha wakashuka maporomoko ya Sheldrick. Maji yanaanguka kutoka zaidi ya mita 20 na kutua kwenye kidimbwi kilichozungukwa na msitu, na gari halifiki; unakwenda kwa miguu na askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa sababu tembo ni wa kweli. Kushuka ni raha. Kupanda kurudi ndiko kulikoivunja ratiba. Ndani ya chama wamo wa miaka 30 na wamo waliokaribia 70, na hakuna aliyeuliza njia ikoje. Kuna video fupi ya mama mmoja ameketi kwenye mzizi katikati ya mlima, leso imelowa jasho, anamwambia askari:

"Mwanangu, wewe tangulia. Mimi nitakuja na tembo."

"Mama, hata tembo hupumzika hapa hapa," askari akamjibu. "Keti, hatuna haraka."

Askari hakuwa na haraka. Ratiba ndiyo iliyokuwa nayo. Walitoka langoni saa saba na dakika kumi.

Kaya Kinondo walifika saa nane na robo na hawakumkuta mtu. Hawakuwa wamepiga simu. Mzee anayeongoza wageni akaitwa, akaja saa tisa kasoro robo, amebeba vitambaa vyeusi mkononi. Hapa nitakaa kidogo.

Kaya ni misitu mitakatifu ya Wamijikenda, mahali pa makazi ya zamani yaliyozungushiwa boma na msitu mnene. Watu walipohamia mashambani, msitu ulibaki kuwa mahali pa makaburi ya wazee na matambiko, na kwa kuwa haukatwi, ukabaki. Mwaka 2008 UNESCO iliingiza kadhaa kati ya kaya hizo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, na Kinondo, kaya ya Wadigo, ni mojawapo. Nyingi hazipokei mgeni wa kutembea. Kinondo wenyewe waliamua kuifungua kwa masharti yao: unajifunga kaniki kiunoni, unaongozana na mtu wao, huokoti jiwe, huchumi jani, na picha si ruhusa yako. Msitu wenyewe si mkubwa, hekta 30 hivi, kwa hivyo anayeupima kwa ukubwa atatoka baada ya dakika kumi akisema ameumaliza.

Mwanachama mmoja kijana alikuwa ameshainua simu.

"Mwanangu, hiyo tia mkobani," mzee akamwambia, huku akimfunga mwenzake kaniki. "Ukitoka nje, piga picha mpaka chaji iishe."

"Samahani, babu."

"Hujakosa. Hukujua."

Akaanza taratibu. Mti huu magome yake hutibu nini, ule mwingine kwa nini haupandwi nyumbani, mzabibu wa mwituni uliojisokota mpaka ukawa mnene kama paja. Walikuwa hawajafika mbali, mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyenisimulia hili, mweka hazina alipotazama saa. "Babu," akasema, "tufupishie kidogo, tuna boti Shimoni."

Mzee hakununa. Alisema "haya", akawapitisha njia ya karibu, na dakika ishirini baadaye walikuwa nje wanafungua kaniki. Kwangu mimi hasara kubwa ya siku ile ni hiyo, na haimo kwenye hesabu ya mtu yeyote. Mzee wa kaya ukimwambia afupishe atafupisha. Hatakugombeza, wala hatakwambia ni nini amekiruka.

Gazi wakafika saa kumi kasoro. Akina mama wa pale wana njia ya mbao waliyoijenga juu ya mikoko, na humpikia mgeni aliyeagiza. Hawa hawakuagiza. Wakala sambusa zilizobaki ndani ya gari na kuondoka bila kukanyaga ubao hata mmoja. Watu wa Mombasa wanaona mikoko ya Tudor kila siku ikiwa imevikwa mifuko ya plastiki, na hawajui kwamba mwendo wa saa mbili kutoka kwao kuna kijiji kinachoitunza na kulipwa. Mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013, huuza hati za kaboni, yaani hewa ya ukaa inayofyonzwa na kuhifadhiwa na hekta 117 za mikoko ya Gazi, na pesa huingia kwenye maji, shule na upandaji wa miche. Ukitembea juu ya zile mbao maji yakiwa yametoka, unamwona kaa akikimbilia shimo, unajifunza kutofautisha mkoko na mchu, mlilana na mkandaa, kila mmoja na mizizi yake. Hayo yote yalikuwa hatua chache kutoka mahali walipoegesha.

Shimoni saa kumi na moja na dakika ishirini. Mapango yaliyokuwa yakifungiwa watumwa yalikuwa yameshafungwa kwa siku hiyo. Nahodha alikuwa bado gatini, amengoja tangu saa tisa.

"Mama, kuwavusha naweza," akamwambia mwenyekiti. "Kuwarudisha usiku na mkondo huu, na wengi wenu hawajui kuogelea, hapo siwezi."

Kwenye kundi kuna waliosema nahodha alitaka kula arbuni ya bure. Tazama tarehe kwanza. Jumamosi ile ilikuwa tarehe 16 ya mwezi mwandamo. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, pwani yetu inakuwa na bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana, tofauti ya zaidi ya mita 3. Na saa zake hazibahatishwi. Siku za bamvua maji hutoka kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, yakajaa pomoni saa kumi au saa kumi na moja jioni, kisha kila siku husogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Siku za maji mafu, katikati ya bamvua na bamvua, mambo hugeuka, asubuhi yamejaa na alasiri yametoka.

Sasa weka hilo juu ya ratiba. Kivutio cha Wasini kwa mtu wa matembezi ni ile bustani ya matumbawe ya kale, mawe makubwa yaliyochongwa na bahari, akina mama wa kisiwani wakiwa wamejenga njia ya mbao juu yake. Maji yakitoka, mawe husimama wazi juu ya nchi kavu. Bamvua ikijaa, bahari inaingia kati yake. Chama kilitaka kuvuka saa tisa, maji yakiwa yanapanda, na kikafika saa ambayo yamejaa na jua linazama. Siku hiyo hiyo, kama wangeanza na Shimoni na kuwa gatini saa nne, wangeipata bustani katika hali yake bora ya mwezi mzima. Asubuhi nzuri waliyoikosa na jioni iliyowakatalia vyote ni vya bamvua ile moja.

Na linalonichekesha mpaka leo ni hili: kadhaa kati yao walikuwa wametoka kufunga masiku meupe, tarehe 13, 14 na 15, jana yake tu. Tarehe ya mwezi waliijua kwa njaa. Hakuna aliyeihusisha na boti.

Nikarudi kwenye shauri la pesa. Nikichukua zile dakika arobaini za feri na kumrudishia dereva zote, gari linafika Shimoni saa kumi na dakika arobaini. Saa tisa imeshapita mbali, bamvua iko pale pale, na jibu la nahodha halibadiliki. Yaani hata dereva angekuwa malaika, Wasini hawakufika. Dakika nyingine zilipotelea jikoni, langoni, kwenye mlima wa maporomoko na kwenye simu ambayo haikupigwa Kinondo, na zote hizo ni za chama. Zaidi ya hayo dereva alikodiwa mpaka saa moja usiku akafanya kazi mpaka saa nne. Nikaandika kwamba salio apewe lote, na kama kuna wa kudai ziada ni yeye. Arbuni ni halali ya nahodha, aliyekaa bure alasiri nzima akikataa abiria wengine. Nilimpigia hata hivyo. Akasema ataihesabu kwenye safari nyingine kama watakuja mwaka huu, na mimi nikaona hapo ametenda wema ambao hakuwiwa.

Mweka hazina alikubali shingo upande. Alichokataa katakata ni pendekezo langu la pili: Shimoni iondolewe kwenye safari. Kwake yeye kwenda Kwale bila Shimoni ni kulipa nauli ya bure. Tukabishana sana. Nilimwambia kwamba katika vile vituo kuna vyenye saa zake na visivyo na saa. Palahala ana saa yake, maji yana saa yake, na vyote viwili vilitaka asubuhi. Huwezi kuwa Kwale mjini na Shimoni kwa wakati mmoja. Kaya haina saa, ina mtu, na huyo mtu anataka kuarifiwa na kusikilizwa. Gazi inataka chungu kiagizwe jana yake. Barabara na madaraja vinaweza kuwekwa popote. Ukishajua kipi hakingoji, kilichobaki hujipanga chenyewe.

Safari ya pili ilikuwa mwisho wa mwezi uliofuata, mvua za vuli zikiwa bado hazijashika, na hilo nililizingatia kwa sababu njia za ndani ya Shimba Hills zikilowa, matatu ya chini chini haifai. Waliondoka baada ya swala ya alfajiri, wakapita Dongo Kundu, malipo ya hifadhi yamefanywa usiku na mtu mmoja kwa ajili ya wote. Waliojiweza magoti wakashuka Sheldrick, waliobaki wakatandika mkeka penye mahali pa kutazamia pwani na chupa za chai, mahamri na mbaazi. Palahala wakawaona, kundi dogo, kabla hata chai haijamiminwa. Kinondo waliingia saa sita, jua la nje likiwa la kuchoma na ndani ya msitu baridi, na mzee, aliyekuwa ameshapigiwa simu, akawaweka karibu saa mbili. Safari hii alifika mpaka kwenye habari za fingo, ile hirizi ya kaya, na kwa nini pahali ilipozikwa si pa kuonyeshwa mtu.

Si kila kitu kilinyooka. Chakula cha Gazi kilipoa kikiwangoja, na kati ya wote ni nusu tu waliotembea juu ya mbao. Waliobaki walijikuta wameketi na akina mama wa Gazi wakiulizana mambo ambayo mimi nisingeyaweka kwenye ratiba yoyote: pesa ya kaboni inaingia akaunti ya nani, wanaotia saini ni wangapi, na mwanachama asiyekuja kupanda miche hutozwa nini. Wanachama wa vyama wakikutana hawaangalii miti. Kurudi, dereva alitaka Dongo Kundu tena, wenye jamaa Likoni wakataka feri, kura ikapigwa garini, feri ikashinda, wakakaa kwenye foleni mpaka baada ya magharibi.

Shimoni imewekwa peke yake, tarehe 2 ya mwezi mwandamo, nahodha akitaka apigiwe simu siku mbili kabla atazame upepo. Gari litaondoka alfajiri ili wawe gatini saa tatu, maji yakiwa yanatoka. Mweka hazina ametoa sharti moja, na kundi zima limelipitisha: pesa ya chakula Wasini itatumwa baada ya watu wote 13 kuonekana ndani ya gari, na sambusa zitakaangwa usiku.